Kwa nini ndege ndogo na ndege za abiria hukaribiana mno katika anga ya Nairobi

Asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink ilipaa kutoka Uwanja wa Wilson ikielekea Diani. Ilibeba abiria 39 na wahudumu 5. Haikufika mbali kabla ya waliokuwa ndani kusikia kishindo kikubwa: ilikuwa imegongana na ndege ndogo aina ya Cessna 172 iliyokuwa katika safari ya mafunzo. Dash 8 iligeuza ikarudi na kutua Wilson salama. Cessna ilianguka ndani ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, na wawili waliokuwamo, mkufunzi na mwanafunzi wake, wakafariki.

Siku ile watu wengi waliuliza swali moja: anga yote hiyo, kwani hawakuonana?

Ajali yenyewe nawaachia wachunguzi, maana kazi ni yao. Ila swali lenyewe linastahili jibu refu kuliko lile la "kuna mtu alizembea", kwa sababu visa vya ndege ndogo na ndege za abiria kukaribiana hadi kunusurika kugongana vimetokea dunia nzima, na ukivipanga pamoja unaona vinafanana. Mara nyingi kila mhusika alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mwenzake anamlinda. Rubani anategemea mnara wa waongoza ndege, mnara unategemea macho ya rubani, na wote wawili wanajua kuna mtambo ndani ya ndege utakaopiga kelele mambo yakiharibika. Tatizo ni kwamba kinga hizi zote tatu hupungua nguvu mahali pamoja, yaani chini chini, karibu na uwanja, ambako ndege ni nyingi na muda ni mchache.

Viwanja vitatu, jiji moja

Tuanze na ramani. Uwanja wa Wilson umepata jina lake kutoka kwa Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, enzi ambazo sehemu ile ilikuwa nje ya mji. Leo jiji limeuzunguka: Kibra na Lang'ata huku, South C kule, na kusini ni mbuga. Kilomita kama 12 mashariki upo Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, JKIA, uliofunguliwa mwaka 1958 ukiitwa Embakasi. Kaskazini kidogo kati ya hivyo viwili, Eastleigh, kuna kambi ya jeshi la anga. Ukiunganisha viwanja hivyo vitatu kwa mstari, hakuna upande wa pembetatu hiyo unaozidi kilomita 13.

Upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki, na ndege hupenda kutua zikiukabili upepo. Kwa hiyo ndege kubwa zinazokuja JKIA kwa kawaida hushuka kutoka kusini-magharibi, zikipita juu ya mbuga. Hesabu yake ni rahisi: mteremko wa kutua huwa nyuzi 3, hivyo ndege iliyobakisha kilomita 10 kufika kwenye lami huwa mita 520 hivi juu ya usawa wa uwanja, yaani kama futi 1,700. Sasa chukua ndege iliyopaa Wilson kuelekea kusini-mashariki. Nayo inaingia juu ya mbuga ile ile. Mistari hiyo miwili inakatana, na kinachozitenganisha ndege hizo ni kimo na saa tu. Ya chini ibaki chini mpaka ya juu ipite, au isubiri zamu yake.

Kwa siku za kawaida utaratibu huo unafanya kazi vizuri, na ndiyo maana hausikiki kwenye habari. Lakini angalia ni nani wanaotumia Wilson. Kuna ndege zinazopeleka watalii Maasai Mara, Amboseli na Samburu. Kuna madaktari wa AMREF wanaokimbilia wagonjwa, na kuna ndege za mizigo. Kuna wenye ndege zao binafsi. Halafu kuna shule za urubani, ambazo wanafunzi wake huzunguka uwanja na kutua na kupaa tena na tena, kwa sababu kutua hakufundishiki kwa namna nyingine.

Saa nazo zinagongana. Safari nyingi za mbugani huondoka asubuhi. Wakufunzi nao wanaitaka asubuhi, kwa sababu hewa bado ni baridi na imetulia, wakati alasiri joto hupandisha hewa kutoka ardhini na kuitikisa ndege ndogo hadi mwanafunzi asijue kama kosa ni lake au ni la hewa. Kwa hiyo anayejifunza na anayebeba watalii wanakutana katika saa zile zile chache, huku jua la mashariki likiwa usoni kwa kila anayepaa kuelekea upande huo.

Kuruka kwa macho na kuruka kwa vyombo

Angani kuna sheria za aina mbili zinazoishi pamoja. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Rubani anaona ardhi, anafuata alama anazozijua kama mto, barabara au kilima, na wajibu wa kutomgonga mwingine ni wake mwenyewe. Ya pili ni kuruka kwa vyombo, ambapo ndege hufuata njia iliyopangwa hata ndani ya mawingu, na waongoza ndege hubeba jukumu la kuitenganisha na nyingine za aina yake: kwa kawaida futi 1,000 kwenda juu au chini, au kilomita kadhaa kwenda mbele na pembeni kwa kutumia rada.

Ndege ndogo nyingi huruka kwa macho. Ndege za abiria za JKIA huruka kwa vyombo. Swali gumu ni hili: zikikutana, nani anamtenganisha nani? Jibu hutegemea daraja la anga waliyomo. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambalo ofisi yake ya kanda hii iko hapa hapa Nairobi, limeigawa anga katika madaraja yanayoanzia A hadi G. Katika daraja C, mwongoza ndege ni lazima aitenge ndege ya vyombo na ile ya macho. Katika daraja D halazimiki. Anachopaswa kufanya ni kuwaarifu kwamba kuna ndege nyingine mahali fulani, kisha macho yao yafanye kazi. Abiria aliyefunga mkanda pale dirishani hana njia ya kujua kwamba mstari usioonekana umevukwa na kwamba sasa usalama wake umekabidhiwa macho ya watu wawili.

Na masafa ya redio pia yanatofautiana. Anayeongea na mnara wa Wilson hamsikii anayeongea na waongoza ndege wanaopokea ndege za JKIA. Marubani wengi watakuambia kwamba nusu ya usalama wao ni kusikiliza wenzao: fulani yuko juu ya Ngong, fulani anaingia kutua, nami nachora picha kichwani. Picha hiyo inaishia pale masafa yanapoishia.

Jicho linavyodanganya

Hapa ndipo pana utamu wa mambo, na ndipo watu wengi hukosea. Tunadhani kitu kinachokuja kutugonga kitaonekana kikisogea. Kinyume chake ndicho kweli. Ndege mbili zikiwa katika njia za kukutana, kila moja ikishika mwendo na mwelekeo wake, kila rubani humwona mwenzake akibaki mahali pale pale kwenye kioo. Haendi kushoto wala kulia. Anakua tu, tena polepole sana mwanzoni, kisha ghafla katika sekunde za mwisho. Dereva anayekaribia makutano anaweza kuijua hali hiyo: boda boda inayotoka barabara ya pembeni kwa kasi inayolingana na yako inaweza kujificha nyuma ya nguzo ya kioo cha mbele kwa muda wote, kwa sababu nyote wawili mnasogea kwa uwiano ule ule.

Jicho la binadamu limeumbwa kushtukia kinachosogea. Kisichosogea linakipuuza.

Tuweke tarakimu. Ndege ya abiria inayokaribia kutua inaweza kuwa na mwendo wa kilomita 460 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kawaida katika anga nyingi chini ya futi 10,000. Ndege ndogo ina kama kilomita 185. Zikikabiliana uso kwa uso, zinakaribiana kwa kilomita zaidi ya 640 kwa saa, mita 180 kila sekunde. Mwongozo wa muda mrefu wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kweli kugeuka, zinapita sekunde 12.5: kuona, kutambua kwamba ni ndege, kugundua kwamba inakuja, kuamua, kusukuma usukani, kisha ndege kuitikia. Zidisha. Unapaswa kuwa umeiona ikiwa umbali wa zaidi ya kilomita mbili. Kwa umbali huo, mabawa ya Cessna, yenye mita 11 kutoka ncha hadi ncha, yanachukua kama nusu ya upana wa mwezi, tena ni mstari mwembamba tu, wenye kiwiliwili kidogo katikati. Weka nyuma yake mabati ya Rongai au ukungu wa asubuhi, uniambie.

Muundo wa ndege nao una lawama zake. Cessna ina mabawa juu ya chumba cha rubani, hivyo kinachotoka juu kinafichwa. Ndege nyingine ndogo zina mabawa chini, na kinachotoka chini ndicho kinachofichwa. Ndege ya juu ikishuka, na ya chini ikipanda, zinaweza kufikiana bila mmoja kuwa na nafasi ya kumwona mwenzake, hata kama wote wawili wana macho ya tai.

Kisa cha San Diego cha tarehe 25 Septemba 1978 kinaeleza hali hii vizuri mno. Boeing 727 ya kampuni ya PSA ilikuwa ikienda kutua. Mbele yake kulikuwa na Cessna 172 iliyokuwa ikifanya mazoezi. Marubani wa Boeing waliarifiwa, wakasema wanaiona, na kuanzia hapo jukumu likawa lao. Kisha wakaipoteza machoni, wakadhani imeshapita nyuma. Cessna nayo ilikuwa imeacha mwelekeo iliopewa. Kompyuta ya waongoza ndege ilitoa tahadhari sekunde 19 kabla, lakini walioisikia waliamini kwamba marubani wanaonana. Watu 144 walifariki, 7 kati yao wakiwa ardhini. Neno moja, "naiona", liliwalegeza wote.

Mtambo unaonyamaza chini

Baada ya msiba huo ukaja wa Cerritos, karibu na Los Angeles, tarehe 31 Agosti 1986. Ndege binafsi ya aina ya Piper iliingia bila ruhusa katika anga ya ndege kubwa na kugongana na DC-9 ya Aeroméxico. Watu 82 walikufa. Piper ilikuwa na transponda, kile kifaa kinachojibu rada na kujitambulisha, lakini haikuwa ya aina inayotaja kimo. Mwongoza ndege alikuwa ameshughulika na ndege nyingine ndogo iliyokuwa imepotea njia vilevile. Marekani ikaamua kwamba macho hayatoshi, na ndege za abiria zikaanza kulazimishwa kubeba TCAS, mtambo wa kuzuia kugongana ambao wenyewe huutamka tikasi.

Tikasi haitegemei mnara. Inaziuliza transponda za ndege zilizo karibu, inapiga hesabu ya sekunde zilizobaki, kisha inaonya. Onyo la kwanza humwambia rubani kuna ndege, itafute. La pili ni amri: panda, au shuka. Ikiwa ndege zote mbili zina mtambo, hupatana zenyewe kwamba mmoja apande na mwingine ashuke. Tangu tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili zilipogongana juu ya Überlingen, Ujerumani, na kuua watu 71 baada ya rubani mmoja kumtii mwongoza ndege na mwingine kuutii mtambo, msimamo umewekwa wazi: tikasi ikitoa amri, inafuatwa, hata kama mnara unasema vingine.

Sasa tazama mapengo yake kwa macho ya Nairobi. Kwanza, ICAO inautaka mtambo huu kwenye ndege za zaidi ya kilo 5,700 au za abiria zaidi ya 19. Cessna 172 haifiki hata kilo 1,200. Kwa hiyo upande mmoja ndio wenye mtambo, na upande huo unategemea transponda ya mwingine iwe imewashwa na itaje kimo. Isipotaja kimo, tikasi inaweza kuonya, lakini haiwezi kuamuru. Isipokuwapo kabisa, kwa tikasi ndege ile haipo. Mwaka 2006 huko Brazil, ndege binafsi ya jeti iliyokuwa katika futi 37,000 transponda yake haikuwa ikitoa ishara. Ikakutana na Boeing 737 ya kampuni ya Gol kwenye njia ile ile na kimo kile kile, na watu wote 154 waliokuwa ndani ya Boeing wakafa. Jeti ilitua. Kuna kejeli chungu hapo: vyombo vya kisasa vinashika njia kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba anayekosea anakukuta katikati kabisa ya mstari, wakati zamani pengine angekupita pembeni.

Pengo la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ukiwa chini ya kama futi 1,000 juu ya ardhi, tikasi haitoi amri kabisa. Ilibuniwa hivyo kwa makusudi, kwani hakuna anayetaka mtambo umwambie rubani ashuke akiwa juu tu ya paa za nyumba. Lakini mzunguko wa mazoezi ya kutua kwa kawaida hurukwa katika futi 1,000 hivi juu ya uwanja. Yaani mahali ambapo ndege za wanafunzi hukaa ndipo hasa mtambo unapofikia mwisho wa sauti yake.

Nyanda za juu zinaongeza ugumu wake. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, injini ndogo hukosa nguvu, na Cessna yenye watu wawili na mafuta inapanda kwa uvivu ambao rubani wa Mombasa hauzoei. Hata akimwona mwenzake mapema, hana uwezo wa kuruka juu ghafla. Anaweza kugeuka au kushuka, na kushuka karibu na uwanja kuna hatari zake.

Kipi kinahesabiwa kuwa kunusurika

Habari zikisema "ndege mbili zanusurika kugongana", usichukulie kwamba mabawa yalipishana kwa upana wa mkono. Marekani huhesabu tukio hilo ikiwa umbali ulikuwa chini ya futi 500, au ikiwa rubani mwenyewe ameripoti kwamba kulikuwa na hatari. ICAO hupanga matukio hayo kwa herufi: A ikiwa hatari ya kugongana ilikuwapo kweli, B ikiwa usalama haukuwa na uhakika, C ikiwa hapakuwa na hatari, na D ikiwa haikuweza kujulikana. Ndege mbili zinaweza kukosa umbali uliowekwa kisheria huku zikiwa zimetengana kilomita nne. Hilo ni kosa la kuchunguzwa, lakini si lile la kumfanya mtu aandike wosia.

Shida ni kwamba matukio haya hayana maana yakibaki moja moja. Yanaanza kusema yanapokusanywa. Tarehe 29 Januari 2025, helikopta ya jeshi iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua Washington, wakafa watu 67. Mgongano ulitokea kama futi 300 juu ya mto, hivyo tikasi ya ndege ya abiria ilitoa onyo tu, ikakosa amri. Helikopta ilikuwa imesema inaiona ndege. Wachunguzi walipofungua kumbukumbu walikuta kwamba kati ya Oktoba 2021 na Desemba 2024 kulikuwa na matukio 15,214 ya helikopta na ndege za abiria kukaribiana pale kuliko inavyofaa, 85 kati yake zikiwa zimeachana kwa chini ya futi 1,500 kwa upande na chini ya futi 200 kwa kimo. Takwimu zilikuwapo miaka yote hiyo. Hakuna aliyezisoma kwa namna hiyo.

Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisema dawa ya Wilson ni kuwafukuza wanafunzi, naelewa hasira yake, ila naona amerukia mwisho. Kuhamishia mazoezi kwenye viwanja vidogo nje ya jiji, upande wa Kajiado kwa mfano, kuna mantiki. Lakini mwanafunzi aliyelipia kila saa ya injini ataanza kulipia pia muda wa kwenda na kurudi, na rubani anayehitimu bila kuzoea redio yenye msongamano atakutana na msongamano huo siku ya kwanza kazini, akiwa na abiria. Njia zilizochorwa wazi zaidi kwa ndege zinazoingia na kutoka, kila moja na kimo chake, zinagharimu karatasi na mafunzo tu. Transponda inayotaja kimo kwa kila ndege inayoigusa anga ya jiji, bila kujali ukubwa wake, inagharimu pesa za mwenye ndege, lakini bila hiyo tikasi ya ndege kubwa haina la kuamuru.

Lililo gumu zaidi ni kumfanya rubani aripoti. Mwanafunzi aliyepita karibu na ndege ya abiria anajua akisema ataulizwa kwa nini alikuwa pale. Nahodha wa kampuni anajua ripoti itafika kwa bosi. Mwongoza ndege naye ana rekodi yake ya kuilinda. ICAO inazitaka nchi zilinde taarifa zinazotolewa kwa hiari, zisigeuzwe kuwa fimbo ya kumchapia mtoaji. Kuandika kanuni hiyo ni siku moja. Kumshawishi kijana wa miaka 20 pale Wilson, mwenye saa 40 za kuruka na mkopo wa mzazi mgongoni, kwamba fomu anayojaza haitamfuata ni kazi ya miaka, na mafanikio yake yanapimwa kwa namna ambayo gazeti haliwezi kuipenda: idadi ya matukio yaliyoripotiwa inapanda.